Mfalme Aliyezima Meko ya Mama Yake

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa gani? Hiyo ni ya watu walioshiba maharage wakaanza kusinzia. Mimi sisimulii watu wanaosinzia. Mnanijua. Nikifungua kinywa, hata paka humwacha panya aje asikilize. Basi tena, na mara hii itoke kifuani. Paukwa!

Pakawa!

Naam, sasa nimewasikia. Hapo zamani za kale, kale ile ambayo hata babu wa babu yangu aliisikia tu, ng'ambo ya bahari kulikuwa na nchi ya Wayunani. Msiniulize nilifikaje huko. Ngano haisafiri kwa pasi.

Wayunani walikuwa na miungu yao, na miungu hiyo ilikuwa mingi, kila mmoja na kazi yake na hasira yake. Zeu alikuwa mkuu wao, mwenye kurusha radi. Poseidoni aliitikisa bahari. Na alikuwepo dada yao mkubwa, Hestia, bibi wa meko. Huyu hakuwa na radi wala mkuki. Alikaa ndani ya moto wa kila nyumba, kimya, amejitanda ushungi wake. Watu wakila karamu, tone la kwanza la mvinyo lilimwagwa motoni kwa ajili yake. Hakudai zaidi ya hapo.

Meko ya Wayunani hayakuwa uani kama yetu. Yalikuwa katikati ya ukumbi, na yalikuwa na sheria mbili. Zishikeni, maana atakayezisahau atapotea njiani na mimi sirudi nyuma kumtafuta.

Sheria ya kwanza ni hii. Mtoto akizaliwa, bado si mtoto wa nyumba. Huchukuliwa akazungushwa meko, akapewa jina mbele ya moto. Hapo ndipo moto unamjua, na moto ukishamjua, nyumba nzima inamjua. Asiyezungushwa ni mgeni, hata kama amezaliwa kitandani mwa malkia.

Sheria ya pili. Mtu yeyote, awe adui, awe mwizi, akiingia ndani akaketi kwenye jivu la meko, haguswi. Haulizwi ametoka wapi mpaka amekula. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wayunani hawakuwa na jembe la mgeni. Aliyekaa jivuni alikuwa mikononi mwa Hestia.

Haya. Katika mji wa Lethira alitawala mfalme jina lake Teramo. Alikuwa mrefu, mzuri wa sura, hodari wa vita, siwezi kumsingizia. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: akiingia mahali, alitaka hata nguzo zimsalimie. Kwa Zeu alichinja fahali. Kwa Poseidoni alichinja farasi. Kwa Hestia hakumwaga hata tone. Ni mama yake, Bibi Ianthe, aliyekuwa akilimwaga tone lile kwa siri, na ndiye aliyeulisha moto kuni kila asubuhi. Alikuwa mjane, na mwanawe alikuwa huyo mmoja tu.

Siku moja Teramo akawaalika wafalme wa nchi zote za jirani. Akawaahidi nyama ambayo hakuna mfalme aliyepata kuionja: nyama laini ya mwanambuzi wa mlima wa miungu.

Watu wakashika vinywa. Mbuzi wale hawakuwa hawa wetu wa kula maganda ya ndizi. Walikuwa mbuzi mwitu, weupe, wenye pembe zilizopinda mpaka mgongoni. Zama zile wanyama walisema kama mimi na wewe, na mbuzi hao walisema kwamba bibi wa mabibi zao ndiye aliyemnyonyesha Zeu alipokuwa mchanga, akifichwa pangoni. Kwa hiyo hawakumpisha mtu njiani. Simba akikutana nao kwenye genge la mlima, ni simba aliyerudi nyuma.

Aliyewapita wote kwa maringo alikuwa jike mmoja, Aigira. Wenzake walimtania kwamba yeye hata maji anayanywa shingo juu. Aigira alikuwa na mwana, dume, bado ananyonya, na baba wa mtoto huyo alikuwa ameuawa na wawindaji wa mfalme majira yaliyopita. Huyo mtoto ndiye aliyekuwa amebaki naye duniani.

Wawindaji wakapanda mlima na mbwa wao.

Siku ya kwanza walimkuta Aigira malishoni. Akaruka korongo na mwanawe akaruka, wawindaji wakabaki ng'ambo wakitukanana.

Siku ya pili walimkuta kwenye theluji. Akapanda mahali ambapo hata upepo unateleza, na mwanawe akapanda.

Siku ya tatu ukwato wa mtoto ukapasuka. Juu walikuwapo wawindaji, chini walikuwapo mbwa, na mtoto alikuwa akichechemea huku damu inamtoka. Aigira akauangalia mlima wake wote. Akaona hapana pa kujificha tena. Palibaki mahali pamoja tu penye sheria ya kumlinda mtoto yule, napo palikuwa ndani ya nyumba ya mtu yule yule aliyetaka kumla.

Sasa fikirini. Wewe uliyezaliwa juu ya mawingu, uende ukapige magoti jivuni kwa adui yako, kwa mtu aliyemuua mumeo. Wangapi hapa wangeweza? Shusha mkono, Chandu, nakujua wewe. Kuomba radhi kwa jirani tu kulikushinda.

Aigira akamsukuma mwanawe kwa pua, wakapenya kwenye kichaka cha miiba ambako mbwa hawakuthubutu, wakatokea barabara ya mjini. Akaingia lango kuu mchana kweupe. Akapita sokoni kichwa juu, wauza samaki wakampisha, watoto wakamfuata wakinyamaza. Akawapita walinzi wa jumba la mfalme bila kuwatazama. Hakuna aliyemzuia, maana kila mtu alidhani anayetembea namna ile ameitwa.

Akafika katikati ya ukumbi. Magoti ambayo hayakukunjwa mbele ya simba yakakunjwa. Akaketi jivuni, mwanawe kifuani pake, na manyoya yake meupe yakawa na rangi ya jivu.

Mfalme akaitwa. Akaja na watu wake, na Aigira akasema naye.

"Teramo, nimeketi jivuni kwako. Ingekuwa kwa ajili yangu, ningekuja na pembe. Nimekuja kwa ajili ya huyu. Naomba hifadhi."

Hakulia. Kuna watu wakiomba wanajigaragaza mpaka unayeombwa ndiye unayeona haya. Aigira aliomba kama anayekumbusha deni la heshima, na ukumbi mzima ukamheshimu.

Kabla mfalme hajajibu, mama yake akasimama. Bibi Ianthe akajipangusa mikono, akamchukua yule mtoto, akamfunga ukwato wake kwa kitambaa. Kisha akamzungusha meko, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Akampa jina mbele ya moto, akamwita Neri. Moto ukapanda juu, ukatulia.

"Mama," akasema Teramo, "umenizalia ndugu mwenye mkia?"

Watu wake wakacheka, maana mfalme akichekesha ni lazima ucheke. Bibi Ianthe akamjibu taratibu kwamba moto umeshamkubali mtoto, na mambo ya moto hayana rufani. Akarudi kukaa, Neri mapajani.

Teramo hakulala raha siku ile. Kilichomuuma si njaa. Nyama ilikuwapo tele, kondoo, ng'ombe, nguruwe wa porini. Kilichomuuma ni kwamba wafalme wangekuja na kumkuta ameshindwa na mbuzi. Kesho yake akarudi ukumbini anang'aa uso. Alikuwa amepata ujanja.

Akawaambia watu wake kwamba yeye ni mcha miungu na hatamgusa aliyekaa kwenye meko. Lakini meko ni nini? Meko ni moto. Moto ukizimika, pale si meko tena, ni shimo lenye majivu, na aliyekaa shimoni hana sheria ya kumlinda. Kwa hiyo ataumwagia moto maji, atawashika mbuzi wake, kisha atauwasha moto upya. Sheria hataivunja. Atapita kando yake.

Juu ya boriti alikuwapo Bundi. Kwetu bundi akilia juu ya paa tunashika vichwa. Kwa Wayunani bundi alikuwa mjumbe wa miungu, ana heshima zake. Bundi akainama akasema:

"Teramo, wewe nawe ulizungushwa moto huu ulipozaliwa. Ndio uliokutambulisha kwa nyumba hii. Ukiuzima, nani atakujua?"

"Zeu namwogopa, ana radi," akajibu Teramo. "Poseidoni namwogopa, ana bahari. Huyu bibi wa jivu atanifanya nini? Atanitia kikohozi?"

Bundi akageuza kichwa. Mjumbe hauawi, wala hasemi mara mbili.

Wakaleta mitungi. Mtungi wa kwanza ukamwagwa na watumishi, moto ukalia kwa uchungu. Aigira akawa palepale, hakuinuka.

Mtungi wa pili ukamwagwa, moto ukabaki ulimi mmoja tu. Bibi Ianthe akamshika mwanawe mkono, akamsihi kwa maziwa aliyomnyonyesha. Teramo akauondoa mkono wake.

Mtungi wa tatu watumishi wakaukataa. Wakauweka chini, wakarudi nyuma. Teramo akaunyanyua mwenyewe, akaumwaga mwenyewe.

Na moto ukasimama. Nasema ulisimama, na anayebisha aje asimulie yeye. Ulisimama kama mama mtu mzima aliyetukanwa kwenye shughuli ya watu. Wakamwona bibi mwenye ushungi, uso hauonekani, nuru tu. Hakumtazama mfalme. Hakumpiga, hakumlaani. Akajitanda vizuri, akatembea mpaka mlangoni, akatoka.

Neri akamfuata akichechemea. Aigira akainuka jivuni akamfuata mwanawe. Bibi Ianthe akachukua fimbo yake akawafuata, na mbwa mzee wa mfalme akafuata nyuma. Teramo akaamrisha wakamatwe. Wawindaji wakanyoosha mikono, lakini mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi, haikushika kitu. Msafara ule ukapita lango la mji ukaelekea mlimani, na hakuna aliyegeuka nyuma.

Teramo akasema si kitu. Moto ni moto. Ataleta mwingine.

Wafalme wakafika, wakaketi. Teramo akatuma kaa la moto liletwe kutoka tanuri la mfinyanzi. Likaja linawaka. Lilipovuka kizingiti chake, likazimika. Nyama ikabaki mbichi sahanini. Wafalme wakatazamana, wakaaga kwa adabu, wakaondoka, na kicheko chao kilisikika mpaka nje ya mji.

Mara ya pili akatuma kijinga cha moto kutoka kwa mhunzi, ule moto unaoyeyusha chuma. Ulipovuka kizingiti, ukazimika. Watumishi wakaona nyumba isiyopika haina mshahara wala uji, wakabeba mafurushi yao, wakatawanyika.

Mara ya tatu Teramo akaenda mwenyewe. Radi ilikuwa imepiga mti ng'ambo ya mto, na mti unaungua. Akafurahi. Huu ni moto wa Zeu, akasema, dada yake Hestia atathubutu kuuzima? Akavunja tawi linalowaka, akarudi mbio. Moto ukadumu njia nzima. Alipofika langoni ukazimika mkononi mwake, na mlinzi wa lango akashusha mkuki akamzuia.

Mlinzi akamuuliza yeye ni nani na anatafuta nini jumbani. Teramo akasema ni mfalme. Mlinzi, ambaye alikuwa amekula mkate wake miaka yote, akamtazama juu mpaka chini, akamwambia kwa upole kwamba jumba hili halina mtu, na aende salama. Akaenda sokoni, wakamwita mgeni. Akaenda kwa rafiki yake wa vitani, akamwita mgeni. Kila aliyemtajia jina lake alilisikia kama jina la mtu wa mbali. Malipo ni hapa hapa duniani, na kwake hayakuchelewa.

Basi akatangatanga. Njaa ikamla, theluji ikaanguka. Siku moja adhuhuri akaona moshi juu ya mlima. Akapanda, mara anatambaa, mara anaanguka. Akakuta kibanda cha mawe, mlango wazi, na katikati yake moto unawaka. Bibi Ianthe alikuwa anakoroga uji. Mbwa mzee akanguruma, hakumjua. Neri alikuwa ameota pembe.

"Mama," akasema Teramo, "ni mimi. Teramo. Mwanao."

Bibi Ianthe akamtazama kwa huruma. Akamwambia pole, baridi humchanganya mtu. Yeye mwana wake ni mmoja tu, na ndiye huyu hapa, Neri.

Moyo wa Teramo ukavunjika pale pale mlangoni. Hapo akaelewa alichokifanya. Alidhani anazima moto wa mbuzi.

Mtu mmoja tu humo ndani alimjua, naye ni Aigira. Miungu ilimwachia yeye peke yake kumbukumbu, ili hukumu iwe yake. Neri alimwona mama yake amesimama, manyoya yamemsimama mgongoni, akauliza kama amfukuze mtu huyu. Na pembe alikuwa nazo. Na genge lilikuwa hatua chache nje ya mlango. Na aliyeanguka pale mlangoni ndiye aliyemuua baba yake.

Teramo hakungoja. Akatambaa mpaka kwenye moto, akaketi jivuni, akainamisha kichwa.

Aigira akautazama mlango, akamtazama aliyeketi jivuni. Mimi hapa, ningekuwa Aigira, sijui. Nawaambieni kweli, sijui. Halafu akasema:

"Mwacheni. Sikumsamehe, na sitamsamehe. Lakini amekaa jivuni, na aliyekaa jivuni haguswi. Yeye aliitafutia sheria hii tundu la kupitia. Mimi ni wa ukoo uliomnyonyesha Zeu. Mimi sipiti kwenye matundu."

Akarudi kulala mahali pake, shingo juu vile vile.

Mnaona fahari hiyo? Hiyo ndiyo ninayozunguka nayo huku na huku kuisimulia. Tukimtaja Aigira, tunyooshe migongo.

Teramo akapona. Hakuwa mfalme tena, maana Lethira walijitafutia mwingine. Alipasua kuni, alichota maji, alifagia jivu. Lakini kuzungushwa meko ni kwa mtoto mchanga, si kwa mtu mwenye ndevu. Alibaki mgeni, na mgeni wa Wayunani hutunzwa vizuri. Kila siku Bibi Ianthe alimpa bakuli la kwanza, akaketi karibu naye kumzungumzisha, kama anavyofanya mwenye nyumba mwenye adabu.

"Kula, baba," alikuwa akimwambia. "Na huko kwenu, mama yako yu hai?"

Na kila siku Teramo alijibu kwamba yu hai, na kila siku bibi yule alimwambia amrudie upesi, maana mama humngoja mwanawe.

Haya, funzo lake mmelipata, lakini mimi husema wazi ili asiwepo wa kusingizia usingizi. Fahari na kiburi vinatembea kichwa juu vyote viwili, ndiyo maana watu huvichanganya. Mwenye fahari hushika sheria hata inapomuuma. Mwenye kiburi huitafutia tundu. Na usimpime mtu kwa ukimya wake, maana asiyekupigia kelele huenda ndiye anayeshikilia jina lako.

Ngano yangu naivunjia hapa, nimeipika mwenyewe na nimeiepua mwenyewe. Ikiwa tamu, gawaneni na majirani. Ikiwa chungu, msinirudishie mimi, tazameni vizuri vinywa vyenu.